Chmod 777 Si Dawa: Yaliyonikuta Busia na Malaba

Nimekuwa kimya kwa muda, na kilichoninyamazisha ndicho nitakachokizungumzia leo: ruhusa za faili kwenye hifadhi ya pamoja ofisini. Najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo. Ndani ya habari hii kuna lori la mahindi, kuna kijana aliyekaribia kufukuzwa kazi kwa sababu ya nambari moja, na kuna mimi mwenyewe nikifanya kosa lile lile ninalowakataza wengine.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Fundi anayekutatulia tatizo la ruhusa kwa kuandika chmod -R 777, au kwa kulipa kundi la Everyone mamlaka yote kwenye Windows, hajatatua kitu. Ameng'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea, halafu akakudai pesa ya ufundi. Na mafundi wa aina hiyo tuko wengi.

Kwa wasioijua sehemu hii, Busia na Malaba ni miji miwili ya mpakani mwa Kenya na Uganda, na kutoka mmoja hadi mwingine ni kama kilomita 30 ukipitia Alupe. Malaba ndipo malori ya Mombasa yanapovukia kwenda Kampala na mbele zaidi, na reli nayo inapita hapo. Busia iko kwenye barabara inayotoka Kisumu, na inasemekana ndiko neno bodaboda lilikozaliwa, enzi za baiskeli za kumvusha mtu kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Pande zote mbili zimejaa ofisi ndogo za mawakala wa forodha. Ofisi ya namna hiyo utaikuta na watu saba, kompyuta tano zisizofanana, printa moja inayokohoa, na makaratasi. Makaratasi mengi! Ankara, orodha ya mizigo, kitambulisho cha dereva, cheti cha asili ya bidhaa. Hata mama mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 ana cheti chake kilichorahisishwa cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Yote hayo sasa yanaskaniwa na kuwekwa mahali pamoja ili kila mtu ofisini ayafikie. Mahali pamoja hapo ndipo shida inapoanzia.

Sasa lori. Ilikuwa mwaka 2022, ofisi moja ya Busia ambayo sitaitaja. Mtakumbuka kwamba Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, na siku chache baadaye ikayaruhusu tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Basi Jumamosi mchana cheti cha shehena fulani kikaja kwa barua pepe kutoka upande wa pili. Dada wa mapokezi akakipokea, akakiweka kwenye folda ya pamoja, akafunga kompyuta yake kwa neno la siri, akaenda matangani kijijini. Simu ikazimika huko.

Saa kumi na mbili jioni wakala akataka kukichapisha. Jina la faili analiona. Ukubwa anauona, tarehe anaiona. Akibofya, Windows inamwambia hana ruhusa. Akajaribu kompyuta nyingine, majibu yale yale. Fundi aliyeifunga mitambo ile alikuwa ameshaenda Qatar kutafuta riziki, na neno la siri la msimamizi ameondoka nalo. Aliyekituma cheti naye hapokei simu. Lori likalala Jumamosi, likalala Jumapili, na Jumapili usiku mvua ikanyesha, turubai lenyewe lina viraka. Jumatatu asubuhi dada akarudi, akafungua faili kwa sekunde mbili, lori likaondoka. Magunia ya juu yalikuwa yamelowa. Mnunuzi aliyakataa hayo, na hasara ikaangukia ofisi.

Mimi niliitwa Jumatatu hiyo hiyo. Mwenye ofisi, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniambia, "Kijana wangu, mimi sitaki kujua ni nini. Nataka isirudi tena." Nami, badala ya kukaa chini na kuuliza faili ilifungwaje, nikaandika mstari mmoja:

sudo chmod -R 777 /home/ofisi

Kila kitu kikafunguka. Nikashukuriwa, nikapewa chai na mandazi, nikalipwa. Nilijiona mganga kweli kweli.

Kabla sijasema kilichofuata, tuelewane kwanza juu ya kilichotokea Jumamosi, maana ndipo penye elimu. "Seva" ya ofisi ile ilikuwa ni hiyo hiyo kompyuta ya mapokezi, mashine kuukuu yenye Ubuntu, ikigawa folda moja kwa wenzake wa Windows kupitia Samba. (Samba ni kazi ya Mwaustralia Andrew Tridgell, aliyeianza mwanzoni mwa miaka ya tisini ili mashine za Unix ziongee lugha ya kugawana faili ya upande wa pili. Bila yeye ofisi nyingi za huku zingekuwa zinabebeana flashi hadi leo.) Katika Linux kila faili ina mwenyewe, ina kundi, halafu kuna watu wengine wote. Kila mmoja wa hao watatu anapewa tarakimu: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Ukijumlisha zote unapata 7. Kwa hiyo 777 maana yake ni mwenyewe yote, kundi yote, na mpita njia naye yote.

Kwenye folda tarakimu hizo zina maana tofauti kidogo, na hapa watu wengi hujikwaa. Kusoma folda ni kuona majina yaliyomo. Kufungua faili yenyewe ni ruhusa nyingine, inayokaa kwenye faili. Ndiyo maana wakala aliona jina lakini hakuweza kufungua. Programu ya barua pepe ya dada ilikihifadhi kile cheti kwa 600, yaani mwenyewe peke yake, jambo ambalo kwa barua ya mtu ni adabu njema. Kisha dada akakihamisha kwa "kata na ubandike" kwenda kwenye folda ya pamoja. Kuhamisha faili ndani ya diski moja hakuigusi faili yenyewe, ni kubadilisha anwani tu, hivyo ikahamia pale na 600 yake, kama mgeni aliyeingia nyumbani kwako na kufuli lake mwenyewe. Angeinakili badala ya kuikata, kungezaliwa faili mpya, na faili mpya hufuata desturi za pale inapozaliwa. Windows nayo ina tabia hiyo hiyo kwenye diski zake za NTFS: ukihamisha ndani ya diski moja, ruhusa za zamani huja nawe, ukinakili, unarithi za folda mpya. Mtu anaweza kutumia kompyuta miaka kumi asijue hili, na sio kosa lake. Hakuna kitu kwenye kioo kinachomwambia.

Haya, turudi kwenye chai na mandazi. Wiki tatu baadaye dereva mmoja alikuja na flashi yenye nakala za ankara. Flashi hizi zetu hazina ruhusa za aina yoyote, kwa sababu mfumo wao wa FAT32 haujui habari za mwenyewe wala kundi, na ndiyo sababu watu wanazipenda: haziwakatai. Ilikuwa na kile kirusi maarufu kinachoficha folda zako na kukuachia njia za mkato badala yake. Kompyuta ya kwanza ikaambukizwa. Kirusi hutembea kwa miguu ya aliyekibofya, kinaweza kufanya yale tu ambayo mtu huyo angeweza. Na mtu huyo, kwa hisani yangu, aliweza kuandika kila mahali. Mpaka saa nane mchana folda ya pamoja nzima, hesabu, mishahara, faili za miaka minne, ilikuwa njia za mkato tupu. Data haikupotea, ilifichwa tu, lakini nilikaa siku mbili kuifichua. Siku hizo mbili sikudai malipo, na sikupewa chai.

Hiyo ni Busia. Ya Malaba ilinisikitisha zaidi, kwa sababu ilimgusa mtu.

Ofisi ya Malaba ilikuwa na kompyuta tatu, zote Ubuntu, na diski ya pamoja iliyogawiwa kwa NFS, mfumo ambao kampuni ya Sun iliutoa miaka ya themanini. Fundi aliyewafungia aliwaambia kwamba kwa kuwa zote ni Linux hakutakuwa na matatizo. Siku moja meneja, akiwa kwenye mashine yake, akatazama daftari la matumizi madogo madogo na kukuta tarakimu moja imebadilishwa, 5,400 imekuwa 4,500. Akabofya sifa za faili aone ni ya nani. Kompyuta ikamjibu bila haya: mmiliki ni fulani, yule kijana wa kupeleka makaratasi forodhani. Kijana hana kazi na daftari la pesa. Akaitwa. Akakana. Akaambiwa kompyuta haina sababu ya kusema uongo.

Kijana alinipigia simu mwenyewe, kwa pesa yake, kwa sababu tulijuana. "Kaka, nisaidie. Hiyo faili sijawahi hata kuifungua." Nilikwenda siku ya pili yake.

Sikilizeni vizuri hapa. Linux haikujui kwa jina. Inakujua kwa nambari. Jina unaloliona kwenye kioo ni tafsiri tu, na kila kompyuta ina kamusi yake mwenyewe. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza kabisa nambari 1000, wa pili 1001, na kuendelea. Mac huanza na 501. CentOS za zamani, mpaka toleo la 6, zilianza na 500. Sasa kila mfanyakazi aliyefunguliwa kompyuta yake mwenyewe ni mtumiaji wa kwanza hapo kwake. Ina maana watu watatu kwenye mashine tatu wanaweza wote kuwa 1000, na seva ya NFS inayotumia utaratibu wa kawaida haina njia ya kuwatofautisha. Kompyuta yako inaiambia, "Huyu ni 1000," na seva inaamini. Haiulizi kitambulisho wala neno la siri.

Fikiria hapo mpakani. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti. Hilo limewezekana kwa sababu kila nchi ina ofisi moja inayotoa nambari, nambari hazigongani, na afisa wa upande wa pili anaitambua kadi. Sasa chukua hali nyingine: kila chifu wa kijiji anatoa vitambulisho vyake, kila chifu anaanza kuhesabu na 1000, na afisa wa mpakani haangalii kadi, anauliza tu, "Nambari yako?" Hiyo ndiyo NFS ya ofisi ile.

Mashine ya mhasibu ilimjua mhasibu kuwa 1000. Mashine ya meneja, ilipotoka dukani, aliyeifungua kwenye boksi na kuiwasha alikuwa nani? Yule yule kijana. Alitengeneza akaunti yake kwanza ili kuijaribu, kisha akatengeneza ya meneja. Basi kwenye kamusi ya mashine ya meneja, 1000 ni kijana. Mhasibu aliandika faili kwa nambari 1000, na mashine ya meneja ikatafsiri nambari hiyo kwa jina la kijana. Ndiyo hadithi nzima.

Niliwaita wote watatu mbele ya kioo. Nikaandika ls -n, amri inayoonyesha nambari badala ya majina, kisha id kwenye kila mashine. Mhasibu akasema pale pale kwamba yeye ndiye aliyeirekebisha, risiti ilisema 4,500 na yeye mwanzo aliigeuza tarakimu. Hakujua kama kuna kesi inaendelea, hakuna aliyemuuliza. Meneja alimwomba kijana radhi, kwa sauti ya chini lakini aliomba. Nimefikiria sana: je, kama kijana asingekuwa na mtu wa kumpigia?

Ndiyo maana nakasirika ninapoona ruhusa za faili zinaelezwa kama kero ya kupitwa haraka. Katika ofisi ya karatasi, sahihi ya mtu kwenye daftari ilikuwa na uzito, na mtu angeitetea. Tumeleta kompyuta, tukaacha sahihi zigawiwe kiholela na programu ya usakinishaji, halafu tukaziamini kuliko mdomo wa mtu.

Upande wa Windows mambo ni tofauti, na kwa hili moja ni afadhali: Samba inakuuliza jina na neno la siri, haikuamini kwa nambari tu. Lakini kuna milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa mgao wenyewe, kama umeruhusiwa kuingia kwenye folda kwa njia ya mtandao. Wa pili ni wa faili kwenye diski. Ukifunguliwa mmoja na mwingine umefungwa, umefungiwa. Wenye umri watakumbuka kabla ya kituo cha pamoja cha Busia kuzinduliwa rasmi Februari 2018: unagongewa muhuri Kenya, unavuka, unaanza foleni upya Uganda. Siku hizi unasimama mara moja, kwenye nchi unayoingia. Kompyuta bado ziko enzi za foleni mbili, na nusu ya simu ninazopigiwa ni za mtu aliyefungua mlango mmoja akasahau wa pili, na baada ya saa nzima ya kuhangaika akaamua kung'oa yote miwili.

Nilichofanya Busia mara ya pili ni hiki, na naandika kwa kirefu kwa sababu kuna mtego. Niliunda kundi moja, nikaliita forodha, na lingine hesabu. Nikampa kila mtu akaunti yake na neno la siri lake la Samba. Nikahamishia folda ya pamoja mahali pake, /srv/ofisi, na dada wa mapokezi nikamwondolea mazoea ya kuingia kwenye folda moja kwa moja kupitia diski. Sasa naye anaingia kwa mtandao kama wenzake, ili kila faili inayofika ipite mlango mmoja na kuzaliwa upya kwa desturi za hapo. Kisha:

chgrp -R forodha /srv/ofisi
find /srv/ofisi -type d -exec chmod 2770 {} +
find /srv/ofisi -type f -exec chmod 660 {} +

Ile 2 ya mbele ya 2770 inaiambia folda kwamba kila kitakachozaliwa ndani yake kiwe cha kundi la folda, sio kundi la aliyekizaa. Na mtego ni huu: mtu atakwambia utumie chmod -R 660 kwa zote. Nilishafanya hivyo miaka iliyopita. Folda zikapoteza ile 1 ya kupita, ofisi nzima ikajifungia nje. Mwingine atakwambia utumie rwX yenye X kubwa, ambayo huwekea folda ile 1 na kuziacha faili. Kwa kawaida ni ushauri mzuri. Lakini ukishapita na 777 kila faili inayo hiyo 1 tayari, na X kubwa itaiacha palepale. Yaani 777 inaharibu hata dawa ya kuiondoa! Ndiyo maana nikatumia find, folda mbali na faili mbali.

Kwenye smb.conf, sehemu ya mgao, mistari iliyobeba kazi ni hii:

valid users = @forodha
force group = forodha
force create mode = 0660
force directory mode = 2770

Folda ya hesabu na mishahara ikawa mgao wake wenyewe, nje kabisa ya hii, wenye mistari kama hiyo ila kundi ni hesabu. Malaba nilifanya jambo moja zaidi, kila mtu akapewa nambari moja inayofanana kwenye mashine zote tatu. Usermod -u hubadilisha nambari ya mtu na faili za nyumbani kwake, lakini zilizo kwenye diski ya pamoja lazima uzitafute mwenyewe na kuzibadilishia mmiliki. Kwa faili za zamani zenye 1000 ilibidi nikae na wenyewe tuulizane moja moja, hii ni ya nani? Nyingine hazikujulikana mpaka leo.

Kazi yote, ofisi mbili, ilichukua siku tatu pamoja na usafiri. Nimetaja siku kwa makusudi. Mwenye ofisi atalipia kamera za ukutani bila kusita, kwa sababu kamera inaonekana. Siku moja ya fundi kukaa na kuuliza "nani anafanya nini hapa, na nani hapaswi kuona nini" haionekani, basi hailipiwi, na fundi asiyelipwa kwa kufikiri hatafikiri. Hili silisemi kuwalaumu wenye ofisi peke yao. Sisi wenyewe tumewazoesha kwamba kazi ya kompyuta ni dakika tano na amri moja ya ajabu ajabu.

Najua hoja za upande wa pili, nimezisikia kwenye matatu na nimezisikia kwenye hoteli za chapati. Ya kwanza: ofisi ya watu saba wanaoaminiana, vizuizi vya nini? Hoja hii ina uzito, na kama ofisi yako ni ya watu wawili na mbwa, endelea. Lakini ruhusa hazikuwekwa kwa sababu ya wezi tu. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kuburuta folda kwa kipanya akaitupia ndani ya nyingine bila kujua. Halafu ndani ya folda hizo kuna vitambulisho vya madereva, pasipoti, nambari za kodi za wateja. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na ya Uganda nayo ni ya mwaka huo huo. Ofisi ya mpakani ina data za raia wa pande zote mbili. Siku dereva wa Tororo atakapouliza ni nani aliyeona pasipoti yake, "kila aliyeunganishwa na Wi-Fi yetu" ni jibu baya.

Ya pili: weka kila kitu mawinguni, uachane na Samba. Wengine wafanye hivyo, sina ugomvi, na kwa ofisi isiyo na fundi karibu huenda ni bora. Ila huku intaneti ikikatika malori hayasimami kuisubiri. Na mawinguni kuna ile "yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri", ambayo ni 777 iliyovaa suti.

Ya tatu ni mpya. Windows 11 toleo la 24H2, lililotoka 2024, linadai mawasiliano ya faili yatiwe sahihi, na mgeni asiye na neno la siri hana cha kutilia sahihi. Ofisi zilizokuwa zikiingia bila jina zikaamka asubuhi zimefungiwa nje, na fundi mwenye haraka anakimbilia kuzima ulinzi huo. Jamani! Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizunguka dunia kwa kupenya kwenye utaratibu huu huu wa kugawana faili, toleo lake la kwanza, siku hospitali za Uingereza ziliposimama. Ulinzi haukuongezwa ili kutuudhi sisi. Mpe kila mtu jina na neno la siri, mlango utafunguka bila kuzima chochote. Kikigoma kwa kulalamika kwamba umeshaingia kwa jina jingine, net use * /delete, kisha ingia upya.

Mama wa Busia aliyakubali yote isipokuwa moja. Alitaka yeye, kama mwenye mali, aweze kuandika na kufuta kila mahali. Nilimwekea ruhusa ya kusoma tu kwenye hesabu, kwa maelewano na mhasibu, na sikumwambia mapema, hapo nilikosea. Usiku akanipigia. "Fundi, kompyuta yangu mwenyewe inanikataza?" Nikamweleza habari ya kirusi kinachotembea kwa miguu ya aliyekibofya, kwamba wenye miguu mirefu zaidi ofisini ndio wa kuhofia zaidi. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama kijana wa Malaba bado yuko kazini, maana anatafuta mtu wa kupeleka makaratasi ambaye ameshajifunza kusoma nambari.

Nilimwambia yuko, na kwamba sidhani meneja wake atamwachia.